Risasi Nne kwa Mkupuo

Septemba 1999, Mmarekani Jerry Miculek alifyatua risasi 6 za rivolva, akaipakia upya, akafyatua nyingine 6. Yote hayo yalikwisha kwa sekunde 2.99. Kasi ile haikutokana na kidole cha kufyatulia peke yake. Risasi zake 6 za pili zilikuwa zimebanwa pamoja kwenye kibati chembamba cha duara, hivyo zote zilitumbukia kwenye silinda kwa wakati mmoja.

Mpe bingwa huyohuyo shotigani na hesabu inavurugika. Bunduki hii ya marisau, kwa umbo lake lililozoeleka mashindanoni, haina magazini ya kuchomoa. Risasi hulala ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zimefuatana kama mabehewa, na springi inazisukuma kurudi nyuma. Kuijaza ni kutia moja, kisha moja, kisha moja tena, kupitia tundu lililo tumboni mwa bunduki. Saa nayo haisubiri.

Na saa ndiyo yenye neno la mwisho. Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la ulengaji shabaha wa vitendo lililoasisiwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, alama za mshindani hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Mwenye alama 100 kwa sekunde 25 anapata 4. Mwenye alama hizohizo kwa sekunde 20 anapata 5. Wote wawili wamelenga sawasawa. Sekunde 5 zilizowatenganisha huenda hazikupotelea kwenye shabaha hata kidogo, bali kiunoni, mkono ulipokuwa ukitafuta risasi.

Tuseme kituo kimoja cha mashindano kina vibao 24 vya chuma, na bunduki inaanza na risasi 9: nane kwenye bomba na moja kwenye chemba. Zimebaki 15, hata asipokosa kibao kimoja. Anayechomoa mojamoja mkono wake utakwenda mkandani na kurudi mara 15. Anayechomoa nne kwa mkupuo atakwenda mara 4 tu. Kibebeo cha risasi, kile kipande cha plastiki au bati kinachoning'inia mkandani au kifuani, kimebuniwa kwa ajili ya kuzipunguza safari hizo.

Tatizo lenyewe ni la kale. Wanajeshi wa Ulaya wa karne ya 17 walijivika begani mkanda wenye vichupa vya mbao, mara nyingi 12, kila kimoja kikiwa na baruti ya mlio mmoja iliyokwisha kupimwa. Huko Kaukazi, wanaume walishonewa vijifuko kifuani mwa joho la chokha kwa kazi hiyohiyo. Leo vimebaki pambo la harusini na la wacheza ngoma. Aliyewahi kuona gobori likishindiliwa hatashangaa kwamba watu walihangaika hivyo.

Shotigani za mashindano nazo zilianza na vitu vya kawaida: mkanda wenye vitanzi vya mpira, au mfuko tu wa kutumbukiza mkono. Mfuko una kasoro moja kubwa. Risasi humo zimelala ovyo, hii imetazama juu na ile chini, kwa hiyo vidole vinalazimika kuigeuza kila moja kabla ya kuitia. Vitanzi vinaziweka wima, lakini vinatoa moja kwa wakati, na mpira ukichakaa risasi hudondoka mtu akikimbia.

Vikaja vibebeo vya kupanga risasi nne au sita katika safu moja. Mshindani alizikumbatia nne kwa kiganja kimoja, kisha kidole gumba kikazisukuma mojamoja bombani. Ustadi ulikuwa katika kuzitembeza zile zilizobaki kiganjani bila kuziangusha, na si kila mkono uliweza. Mwenye vidole vifupi aliumia zaidi.

Mageuzi makubwa yalienea mwanzoni mwa muongo wa 2010, na kwa jicho la mwandishi huyu yalikuwa mageuzi ya mpangilio kuliko ya idadi. Kibebeo kipya kinaweka risasi nne katika jozi mbili, na katika kila jozi risasi moja iko nyuma ya mwenzake, vilevile zitakavyokaa ndani ya bomba. Mshindani anaigeuza bunduki tumbo juu, kitako kikiwa begani au kimebanwa kwapani, huku mkono wa kulia umeishika. Wa kushoto unashuka, unakamata zote nne, unapanda. Gumba linaisukuma risasi ya nyuma, nayo inaisukuma ya mbele. Jozi ya kwanza imezama. Kiganja kinasogea kidogo, na ya pili inafuata. Hakuna cha kugeuza wala cha kutafuta, maana kazi ya kupanga ilimalizika kabla king'ora cha kuanzia hakijalia.

Bunduki zenyewe zililazimika kufuata. Mafundi hulipanua tundu la kupakia na kulainisha kingo zake, hata kwenye bunduki nzuri kama Benelli M2 ya Italia, kwa sababu kile kipande kinachoinua risasi kwenda kwenye chemba hung'ata gumba bila huruma.

Risasi nayo ina hila zake. Ya geji 12 inayoandikwa milimita 70 haina urefu huo ikiwa mpya. Kipimo ni cha ganda lililokwisha kufyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Ikiwa nzima huwa karibu na 60 tu, pungufu au zaidi kidogo, kwani viwanda hutofautiana. Kibebeo kilichokaza vizuri kwa aina moja kinaweza kuing'ang'ania nyingine, au kuiachia mtu anaporuka kizuizi. Wenye uzoefu huchagua risasi kwanza, ndipo wakarekebisha mbano. Uzito pia hauna utani: marisau ya gramu 28 katika risasi 24 ni gramu 672, kabla ya kuhesabu ganda na baruti, na vyote vinavuta mkanda kuelekea chini.

Wengine hukimbilia kifuani. Huko risasi ziko karibu na macho na mkono hausafiri mbali, mpaka kituo kimtake mshindani alale kifudifudi, hapo anazilalia. Risasi zenye kipande kimoja kizito badala ya marisau, zinazotumika kwa shabaha za mbali, hutengwa mahali pake, kwani kupiga chuma cha karibu kwa kipande hicho ni hatari kwa kila aliye uwanjani. Wengi huongeza kishikizi cha risasi moja ubavuni mwa bunduki: chemba ikibaki tupu, hiyo hutupwa moja kwa moja ndani na mlio unaofuata hauchelewi.

Kugeuza bunduki juu chini mtu akitembea ndiko kunakowakondesha waamuzi. Mdomo wa mtutu ukivuka mstari wa nyuzi 180, ukaelekea nyuma walipo watu, mshindani anaondolewa palepale, hata kama alikuwa anaongoza.

Yapo madaraja ya mashindano yanayoruhusu magazini ya kuchomoa, kama ya Saiga-12 ya Urusi, ambamo vibebeo hivi havina kazi. Hata hivyo daraja la bomba halijafa. Ubingwa wa dunia wa shotigani wa IPSC ulipofanyika Debrecen, Hungaria, mwaka 2012, kisha Agna, Italia, 2015, na Châteauroux, Ufaransa, 2018, wapo waliokuwa bado wanajaza kwa gumba. Mazoezi yao hayahitaji uwanja: risasi bandia zisizo na baruti, kibebeo mkandani, kipima muda mezani, nne ndani, nne ndani, jioni nzima, na plasta kwenye gumba la kushoto.