Moyo na Ubongo Wakati wa Hofu

Wasikilizaji wetu, kila mmoja wetu amepata kushtuka njiani usiku. Twaenda zetu, mara twaona kitu kirefu kimelala kati ya njia, na kabla hatujatambua kuwa ni kamba tu, moyo umekwisha kwenda mbio. Wala hatujakimbia hata hatua moja. Je, ni nani aliyeupasha moyo habari?

Ni ubongo. Mishipa ya fahamu iendayo moyoni ni ya namna mbili: mmoja huutuliza, na mwingine, upitao katika uti wa mgongo, huuhimiza. Tukikaa kitako, wa kutuliza ndio wenye nguvu. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 60 hata 100 kwa dakika, ukisukuma damu kadiri ya lita 5. Hofu ikija, ubongo huulegeza ule wa kwanza na kuuamsha wa pili. Tena tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Mishipa ya damu ya ngozi na tumbo hubana, na damu huelekezwa kwenye misuli. Ndiyo sababu mikono ya mwenye hofu huwa baridi.

Mwenye kupanda mlima na mzigo kichwani hupatwa na mambo kama hayo, lakini misuli yake huitumia damu ile. Angojaye hukumu barazani amekaa tu, na moyo wake wafanya kazi ya mpanda mlima.

Lakini mshipa wa fahamu husemaje na moyo? Otto Loewi wa Graz, katika Austria, alitangaza jibu mwaka 1921. Aliitia mioyo miwili ya vyura katika maji ya chumvi, akauchochea mshipa utulizao moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo. Kisha maji yake akayapeleka kwa moyo wa pili: nao pia ukapunguza! Basi mshipa ulikuwa umetoa dawa fulani majini. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa jambo hili aliliota, akaliandika usiku, na asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Bahati njema, ndoto ilirudi. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Huzuni nayo yaweza kuuumiza moyo kweli kweli. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wauitao takotsubo, yaani mtungi wa kutegea pweza, kwa kuwa moyo huvimba chini na shingo yake ikabaki nyembamba. Mara nyingi huwapata wanawake wa makamo na wazee baada ya msiba au mshtuko mkubwa, ijapokuwa mishipa ya damu ya moyo haikuziba. Wengi hupona kwa majuma machache, lakini wengine hufa. Na maumivu yake hayapambanuliki na ya mshipa ulioziba ila kwa vyombo vya hospitali. Kwa hiyo mfiwa akishika kifua matangani, tusimwambie kuwa ni majonzi tu. Na apelekwe kwa daktari saa ile ile.