Taa Inalaumiwa, Hita Inakula

Ukiingia katika nyumba za kulala wageni hapa mjini Singida, mara nyingi nyuma ya mlango utakuta karatasi imebandikwa: mgeni, zima taa utokapo. Ni agizo jema. Lakini je, ni taa kweli inayommaliza mwenye nyumba?

Hebu tupige hesabu. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha, saa 12, inatumia kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Hita ndogo inayofungwa kwenye bomba la mvua hula wati 4,500 hivi. Mgeni akioga dakika 10, robo tatu ya uniti imekwenda. Kwa umeme huo huo taa ile ingewaka saa 83! Wageni 20 wakioga mara moja kwa siku ni uniti 15, na kwa mwezi ni uniti 450. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyopangwa na EWURA mwaka 2016 kwa biashara za kawaida, hizo ni shilingi 131,400 kabla ya kodi.

Wala huwezi kumwambia mgeni aoge maji ya baridi. Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni ikichanganyika na upepo wetu, mtu aliyetoka Dar es Salaam huuliza maji ya moto kabla ya bei ya chumba. Akiyakosa, kesho yuko kwa jirani.

Dawa yake iko juu ya paa. Mkoa huu wa ukame una jua la kutosha kupasha maji katika mabomba meusi na kuyahifadhi katika tangi lililofungwa vizuri lisipoteze joto. Hapa hapana betri. Umeme unabaki wa akiba, kwa siku za mawingu. Gharama ya kuanzia ni kubwa, tusifichane. Lakini ipimwe na zile 131,400 za kila mwezi. Asiye na uwezo huo, kama ana tangi la umeme, aliwashe alfajiri na jioni badala ya kuliacha mchana kutwa linachemshia hewa.

Kiyoyozi nacho hapa mara nyingi ni fasheni tu. Tunajenga vioo vikubwa vikitazama magharibi, jua la jioni linaingia moja kwa moja, kisha tunalipia kulitoa! Madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa na ukingo wa paa, na upepo ni wa bure.

Mwenye shaka asome mita yake ya LUKU saa nne asubuhi, wageni wakishatoka, asome tena saa nane. Kilicholiwa katika nyumba tupu ni friji, pampu, na hita aliyoisahau mtu. Aandike daftarini kwa siku 7, na pembeni idadi ya wageni waliolala.