Amri na Sauti: Kuiga Ala za Zamani za Michezo ya Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kuongoza kwaya ya shule anajua kwamba wimbo ulioandikwa ubaoni kwa do, re, mi bado haujawa wimbo. Nota husema sauti ipi itangulie, ipi ifuate, na kila moja ichukue muda gani. Hazisemi ni koo la nani litakaloimba. Nota zile zile zikiimbwa na watoto wa darasa la tatu, kisha zikaimbwa na wazee, masikio hupokea vitu viwili tofauti. Makala haya yanaeleza jambo hilo katika muziki wa michezo ya kompyuta ya zamani, kwa kuwa ni kielelezo chepesi cha kumfundishia mtoto tofauti iliyopo kati ya amri na matokeo yake.

MIDI ni nini?

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme wa Marekani na Japani walitoa utaratibu mmoja wa kuviwezesha vinanda vyao kupelekeana habari. Utaratibu huo huitwa MIDI. Yapasa ieleweke tangu mwanzo kwamba MIDI haibebi sauti, hubeba amri. Amri moja husema: piga nota namba 60 kwa nguvu ya 90. Nyingine husema: iache nota hiyo. Ya tatu husema: tangu sasa tumia ala namba 13. Maadamu amri hizo ni tarakimu chache tu, muziki wa dakika nyingi huenea katika nafasi ndogo. Jambo hilo liliwafaa sana watungaji wa michezo ya kompyuta wa miaka ya 1980, ambao diski zao zilikuwa na nafasi haba.

Chombo kilichopokea amri

Mwaka 1987 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa chombo kiitwacho MT-32. Kilikuwa kisanduku kisicho na vibao vya kupigia. Kazi yake ilikuwa kupokea amri na kutoa sauti. Mwaka uliofuata kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa mchezo wa King's Quest IV, mmojawapo wa michezo ya mwanzo kutungiwa muziki kwa kukikusudia chombo hicho.

Namna MT-32 ilivyounda sauti yafaa iangaliwe kwa makini. Sikio huitambua ala hasa kwa mwanzo wa sauti yake: kishindo cha nyundo ya piano, au pumzi inapogusa filimbi. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa ghali wakati huo, haikuwezekana kuhifadhi sauti nzima nzima. Kwa hiyo mafundi walinasa vipande vifupi vya sauti halisi, kisha wakavishikamanisha na mawimbi yaliyoundwa na mtambo wenyewe. Aidha, mchezo uliweza kukipelekea chombo maelezo ya sauti mpya kabisa, zilizotumika katika mchezo huo peke yake.

Tatizo linapozuka

Mwaka 1991 uliwekwa mpango wa pamoja, General MIDI, wenye orodha ya ala 128. Katika orodha hiyo namba 13 ni marimba, na namba 109 ni kalimba. Lakini katika MT-32 namba 13 ilikuwa kinanda cha mabomba, kama kile cha makanisa makubwa. Chukua basi wimbo wa mchezo wa zamani uliotaka kinanda cha kanisa, uupige kwa chombo cha mpango mpya: utasikia marimba. Hakuna nota iliyopotea, hakuna tarakimu iliyofutika, lakini alichokusudia mtunzi kimetoweka.

Kuna njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kutumia jedwali la kubadilisha namba, ili kila ala ya zamani ipate ala mpya inayokaribiana nayo. Njia hii husaidia, ila zile sauti zilizoundwa kwa ajili ya mchezo mmoja haziwezi kupata mwenzi katika orodha yoyote. Njia ya pili ni kukiiga chombo chenyewe. Programu iitwayo Munt hufanya hivyo: husoma yaliyomo katika kumbukumbu za kudumu za MT-32, na kufuata hatua ambazo mtambo ulizifuata katika kuunda sauti. Mtumiaji hana budi kuyapata yaliyomo hayo kwa njia halali, kwani si mali ya waliotunga programu.

Kulifundisha jambo hili darasani

Somo hili halihitaji kompyuta. Andaa chupa tatu za kioo, kijiko, ngoma na manyanga.

1. Tia maji chupani kwa viwango tofauti hadi zitoe do, re, mi zinapogongwa. Andika ubaoni: 1, 2, 3, 2, 1. Kundi la kwanza lipige chupa; kundi la pili liimbe. Waulize wanafunzi: ni nini kilichofanana, na ni nini kilichotofautiana?

2. Yape makundi mawili majedwali tofauti. Katika moja, A ni ngoma na B ni manyanga. Katika jingine, A ni manyanga na B ni ngoma. Toa amri moja: A, A, B. Wanafunzi wataona wenyewe jinsi amri sahihi inavyozaa matokeo yasiyotarajiwa.

3. Kundi moja lijaribu kuiga mlio wa chupa kwa vinywa. Wengi wataanza kwa "uuu". Usiwakosoe upesi, gonga chupa tena, uwaambie wasikilize mwanzo wa mlio. Punde watagundua "ting", na hapo watakuwa wamefikia kanuni ile ile waliyoitegemea mafundi wa MT-32.

Hitimisho

Mwanachuo akisema kwamba muziki umo ndani ya faili ya MIDI, atakuwa amempotosha mtoto. Ndani ya faili mna maagizo. Muziki huzaliwa maagizo yanapokutana na ala. Ndiyo maana wanaotaka kuihifadhi michezo ya zamani hawaridhiki kutunza faili tu, bali hushughulika pia kukihifadhi chombo, japo kwa kukiiga. Nasi vivyo hivyo: tukizitunza nyimbo za wazee wetu kwa nota pekee, bila kuhifadhi namna zilivyoimbwa na ala zilizozipamba, tutakuwa tumehifadhi amri na kuipoteza sauti.