Nyumba ya Kwetu Ibighi

Yapo mambo ambayo mfanyakazi wa mshahara huyafikiri kila siku lakini huyasema kwa nadra, na mojawapo ni nyumba ya kwao. Mjini hupanga vyumba viwili, hulipa kodi mwezi hata mwezi, na huku moyoni anajua kuwa siku atakapostaafu hana budi kurejea mahali alipozikwa babu yake. Twapenda leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo hilo, tukitoa mfano wa Ibighi, karibu na mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako sisi na ndugu zetu tumekuwa tukijenga nyumba ya jamaa kwa misimu mitatu sasa.

Watu wa nchi ile hawakungoja mgeni awafundishe kujenga. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia usafi wa vijiji alivyoviona katikati ya migomba. Naye Monica Wilson, mtaalamu aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyohama nyumbani kwa baba zao na kuanzisha kijiji chao wenyewe. Kwa hiyo kijana alijifunza kujenga kabla ya kufikiria kuoa. Mianzi ilikuwapo, udongo ulikuwapo, nyasi za kuezekea zilikuwapo, na wenzake wa rika walikuwapo. Malipo ya kazi yalikuwa ndizi zilizopikwa na kimpumu kidogo jioni.

Nyumba ya leo haijengwi hivyo. Inataka saruji ya Songwe, nondo, mbao, misumari na bati, na kila kimoja kati ya hivyo kina bei. Nondo si anasa, ingawa wako wazee wanaoiona hivyo. Rungwe imo katika Bonde la Ufa, chini ya mlima wa volkano, na tetemeko kubwa la tarehe 13 Desemba 1910, lililotokea upande wa Rukwa, ni ushahidi wa kutosha kwamba ardhi ya kusini-magharibi hutikisika. Ukuta wa matofali usiofungwa lenta ni hatari kwa wanaolala chini yake.

Lakini adui wa kwanza wa mjenzi pale ni mvua. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya ukavu ni michache, tangu Juni au Julai hata Oktoba. Katika miezi hiyo ndimo mtu afyatue matofali, ayaanike, ayachome, ajenge na kuezeka. Na ndimo pia mafundi wote wa wilaya wanapotafutwa kwa pamoja. Matofali yenyewe yana taabu ya namna yake. Udongo wa mfinyanzi hutolewa bondeni penye maji, hukanyagwa kwa miguu, hutiwa katika kalibu, kisha tofali bichi linataka jua. Mwaka wa kwanza tulifyatua matofali elfu sita. Mvua ikawahi, na yapata elfu mbili yakarudi kuwa tope kabla hayajaingia tanuruni, pamoja na kufunikwa kwa majani ya migomba. Ndugu yetu mdogo, anayeishi pale pale na ambaye ndiye aliyekanyaga udongo ule, alitupigia simu usiku akasema neno moja tu: "Yameyeyuka."

Hapo twakumbuka maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1977, alipotazama miaka kumi ya Azimio la Arusha. Aliwalaumu wananchi waliopenda mno saruji na bati, wakadharau matofali ya kuchoma na vigae vilivyotokana na udongo wa kwao. Juu ya matofali, Rungwe imemsikia. Ukipita leo huko utaona matanuru yakifuka moshi kila kiangazi. Juu ya vigae haikumsikia, wala sisi hatuwezi kuilaumu sana. Paa la vigae ni zito, nalo lataka mbao nene na fundi mwenye ujuzi ambaye ni vigumu kumpata, hali bati hubebwa na vijana wawili kichwani. Lakini tofali la kuchoma nalo si la bure. Tanuru moja hula mikaratusi mingi, na asiyepanda miti hununua kuni kwa aliyepanda.

Tunakuja sasa kwenye jambo lililotusumbua kuliko mvua, nalo ni mahali pa kujenga. Shamba la marehemu baba yetu si kubwa. Lina migomba, kahawa kidogo, na chai kwenye mteremko, na ndilo linalomlisha mama pamoja na ndugu yetu huyo mdogo, mkewe na watoto wanne. Sisi wa mjini tulitaka nyumba iwe juu ya kilima kidogo karibu na njia, penye udongo ulio imara. Ni kweli mahali pale ni pazuri, lakini ndipo penye migomba bora, na hatua chache kando yake yapo makaburi mawili. Ndugu yetu hakubisha, bali alinyamaza. Mama ndiye aliyesema mbele ya kikao cha ukoo: "Wanangu, nyumba mtakuja kuilalia Krismasi. Huyu na watoto wake watakula nini Machi?"

Twasema wazi kwamba swali hilo ni la nchi nzima. Wafanyakazi wengi hujenga nyumba kubwa za likizo juu ya ardhi inayolimwa na ndugu zao wasio na mshahara, nao hao ndugu hawana pa kusemea kwa kuwa mwenye fedha ndiye anayesikilizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila, tena yampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini karatasi haiwezi kukaa kikao badala ya watu. Kikao chetu kilichukua siku mbili. Uamuzi ulikuwa nyumba iwekwe ukingoni, penye mawe, ambapo hapaoti kitu. Kuchimba msingi pale kulituchukua majuma matatu badala ya moja, lakini hakuna mgomba uliokatwa.

Juu ya mafundi husemwa mengi, na mengi ni ya kweli. Mmoja alichukua fedha ya kutangulia kwa ajili ya kenchi akaenda Kyela kwenye kazi nyingine, tukamngoja mwezi mzima. Walakini tulipozungumza naye baadaye tulifahamu kuwa wakati wa masika hupata kazi kwa nadra, na kiangazi kikifika huchukua malipo ya nyumba tatu kwa mara moja ili alipe madeni ya dukani. Yeye pia ni mfanyakazi, tena asiye na mkataba. Tangu hapo tuliandikiana: kiasi hiki msingi ukikwisha, kiasi hiki ukuta ukifika lenta, kiasi hiki akimaliza kupaua. Hakukosa siku hata moja.

Bati zilipigiliwa mwezi wa Septemba. Sakafu bado ni udongo, madirisha yamezibwa kwa mabanzi, na lipu haijaguswa. Mama alizunguka vyumba vyote vinne kimya, kisha akauliza moto utakaa wapi, maana hakuuona mahali pake. Tukamwonyesha chumba kilichopangwa kuwa jiko. Akatazama juu kwenye mbao mpya, akasema moshi utazila. Kwa hiyo msimu ujao litajengwa kwanza jiko la nje, la matofali yaliyobaki, na vioo vya madirisha vitangoja mwaka mwingine.