Masanduku Matatu Hadi Pemba

Wapendanao, tuambizane ukweli: ukitaka kumjua mwenzio, safiri naye mkiwa na mizigo.

Mimi nilidhani wangu namjua. Tuna miaka minne ya ndoa. Yeye Mpemba wa Wete anayefanya kazi Dodoma. Desemba iliyopita likizo tukaipeleka kwao. Nikafunga masanduku matatu: moja nguo zangu, la pili viatu na vipodozi (usinicheke), la tatu zawadi za mama mkwe. Mchele, sahani, hadi blenda.

Hadi Dar mambo yalikuwa poa. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ilitushusha Stesheni ya Magufuli tukiwa tumeshikana mikono kama wachumba. Ila Pemba hakuna reli. Bandarini hamali akataja bei, mimi nikaomba punguzo, mume wangu akakunja uso.

"Mke wangu, yote haya ya nini? Tuache mawili kwa dada."

Jamani, zawadi za mama yake mzazi! Nikamwambia ni bahili. Akanyamaza, akalipa, masanduku yakapakiwa.

Hadi Unguja hatukusemeshana. Kesho yake, kwenye boti ya Mkoani, nikaona hakai. Anatafuta maboya ya kujiokolea yalipo, anatazama milango, anatazama magunia yanavyoingia. Tulipokaribia Nungwi akanishika mkono. Wake ulikuwa umelowa jasho.

Ndipo akasema. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama upande huu huu wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Yeye alikuwa mwanafunzi Dar, na wiki ile nauli ya kwenda nyumbani aliikosa. Tangu hapo kwao anakwenda kwa ndege tu.

Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni mtu wa kupenda ndege!

Na safari hii kwa nini alikubali boti? Kwa sababu vile vindege vya Chake Chake havitaki mzigo mkubwa, na mimi nilikuwa na masanduku matatu. Hakunieleza, nami sikumuuliza. Nilimwita bahili. Nikamwomba radhi palepale, mbele za watu, akacheka kidogo.

Wete mama mkwe alifungua sanduku, akatazama mchele, akanitazama mimi. "Mwanangu, na sie twalima." Siku hiyo tulikula wali wa shamba lake na pweza wa nazi. Blenda haijatoka kwenye boksi.

Kurudi tulipanda ndege, begi moja kila mtu. Langu lilikuwa na kanga mbili na nguo za kubadilisha. Masanduku yangu yako Wete hadi leo. Mama mkwe anatunzia mashuka.