Masurufu ya Kwanza ni Siku

Kati ya mambo ambayo binadamu huyataka kwa pupa na kuyakosa kwa sababu ya pupa hiyo hiyo, kilele cha mlima mrefu hakina kifani; maana mtu aweza kuwa na siha njema, fedha za kutosha, viatu imara na azma isiyoyumba, akaingia Mlima Kenya siku ya Ijumaa kwa nia ya kurejea kazini Jumatatu, na bado akageukia njiani usiku wa pili, kichwa kinamgonga na chakula hakimpiti kooni, ilhali mzee aliyeanza nyuma yake, kwa mwendo wa taratibu na akiba ya siku mbili zaidi, anafika salama na kurudi akiwa na furaha. Tofauti baina ya wawili hawa si nguvu wala ushujaa, bali ni tadbiri. Na katika tadbiri ya safari ambayo mtu hubeba malazi na chakula chake mgongoni na kulala porini usiku baada ya usiku, jambo linalotangulia mengine yote ni hesabu ya siku.

Mlima wenyewe unastahili taadhima hiyo. Wakikuyu huuita Kirinyaga na tangu kale wameuhesabu kuwa maskani ya Ngai, na wazee wao huomba nyuso zao zikiuelekea. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa kamusi yake ya Kiswahili, aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakakataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa ikweta. Una vilele vitatu vikubwa: Batian chenye mita 5,199, Nelion chenye mita 5,188, na Lenana chenye mita 4,985, vyote vikiwa na majina ya malaibon, yaani waaguzi, wa Kimaasai ambayo Halford Mackinder aliyatoa alipofika Batian mwaka 1899 pamoja na viongozi wake César Ollier na Joseph Brocherel. Viwili vya kwanza ni majabali matupu, nayo ni kazi ya mafundi wa kamba. Cha tatu chaweza kufikiwa na mtu yeyote mwenye miguu mizima na subira. Mwaka 1949 mlima ulifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1997 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Sababu ya kuziweka siku mbele ya kila kitu imo katika hewa yenyewe. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, hata kwenye kilele cha Lenana kila pumzi huwa na oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile anayoivuta mkazi wa Mombasa au Lamu. Mwili una hekima ya kujirekebisha, ila hekima hiyo haiharakishwi na fedha wala ujana, na mara nyingi kijana hodari ndiye anayeumia kwanza kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa siku moja, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne uutulize mwili kwa kulala usiku wa pili pale pale. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo. Kuyumba kama mlevi, kupayukapayuka, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, ni hatari ya mauti, na dawa yake ya hakika ni kushuka mara moja, iwe mchana au usiku.

Sasa na tuitazame ramani tukiwa na kanuni hiyo mkononi. Njia zinazopendwa ni Naro Moru upande wa magharibi, Sirimon upande wa kaskazini-magharibi na Chogoria upande wa mashariki. Naro Moru ni fupi na hushawishi wenye haraka, lakini ufupi wake ndio ukali wake, maana hupanda kwa ghafula na kuvuka kinamasi cha mteremko kinachomeza viatu. Aliye na hiari apande Sirimon na kushukia Chogoria, ili asione mahali pamoja mara mbili. Lango la Sirimon liko kwenye mita 2,650 hivi. Kambi ya Old Moses iko kwenye mita 3,300, nayo kambi ya Shipton, chini kabisa ya majabali, iko kwenye mita 4,200. Tazama basi: kutoka kambi ya kwanza hadi ya pili ni mita 900, takriban mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa, na wengi huzipanda kwa siku moja. Mwenye tadbiri hulala Old Moses usiku wa pili, akitumia mchana wake kutembea juu zaidi na kurudi, au huikata safari kwa kupiga hema katika bonde la Likii. Kisha hukaa Shipton mausiku mawili kabla ya kuinuka alfajiri kwenda Lenana. Kwa mwendo huo safari yote, pamoja na kushuka, huchukua siku sita au saba badala ya nne, na siku hizo za nyongeza si hasara bali ndizo zinazoinunua safari nzima.

Baada ya siku huja majira. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, huifanya njia kuwa tope na kuvifunika vilele kwa mawingu. Wakati mwafaka ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma kavu, na tena Julai hadi Septemba. Hata katika majira mema, aghalabu asubuhi huwa safi na mawingu hupanda adhuhuri, kwa hiyo msafiri mwenye busara huondoka kambini mapema na kuwa amekwisha piga hema kabla ya mvua ya alasiri.

Hesabu ya siku ndiyo inayotoa hesabu ya masurufu. Mtembezi huhitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku, na shanta lake, pamoja na hema, fuko la kulalia, jiko na maji, lisizidi robo ya uzito wa mwili wake. Kwa hiyo kila kitu kiulizwe faida yake kabla hakijatiwa ndani. Fauka ya hayo kuna jambo ambalo wapishi wetu wa pwani huenda hawakulitarajia, nalo ni kwamba kule Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, na kwa sababu hiyo maharagwe yaweza kukaa motoni hata gesi ikaisha yasiive. Basi mtu aache nyumbani kunde, githeri na kila kinachohitaji moto wa saa nyingi, achukue unga wa uji, tambi, samaki mkavu, karanga, kashata, tende na tangawizi, vitu vyepesi vyenye nguvu nyingi ambavyo hata tumbo lililochokozwa na kimo hukubali kuvipokea. Maji ya mito yachemshwe kwa dakika 3 hata yakionekana safi kama lulu, na yanywewe kwa wingi kuliko kiu inavyodai.

Kuhusu mavazi, mwalimu bora ni mimea ya mlimani yenyewe, ambayo kila siku hupigwa na jua kali na kila usiku hupigwa na jalidi. Miti mikubwa ya senesio haiachi majani yake makavu yaanguke, bali huyakusanya kuizunguka kuwa koti la kulilinda shina. Lobelia nazo hukunja majani yao jioni zikafunika kitovu chao kichanga kisiganzishwe na baridi, kisha hufunguka tena jua linapotoka. Vivyo hivyo msafiri ajivike kwa tabaka zinazovuliwa na kurudishwa: vazi jepesi linalokauka upesi karibu na ngozi, sweta ya sufu juu yake, na koti lisilopenya maji juu ya vyote. Pamba aiache, kwa kuwa ikilowa jasho hubaki mbichi na kuyanyonya maungo joto lake. Jozi moja ya nguo kavu iwekwe kando kwa ajili ya usiku tu, na isivaliwe mchana hata mvua ikinyesha namna gani.

Katika habari zote za mlima huu, sijui iliyo bora kwa somo la tadbiri kuliko ile ya Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, na Januari 1943 wakatoroka kwa kusudi la kuupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia waya wa miiba. Kwa miezi mingi walijinyima posho yao wakaweka akiba, wakafanya shoka za barafu kutokana na nyundo, wakaunda meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu kutokana na vyuma chakavu, na kwa kukosa ramani wakajifunza sura ya vilele kwa picha iliyokuwa juu ya kopo la nyama. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake wakajaribu Batian wakarudishwa na dhoruba, kisha wakafika Lenana wakasimika bendera yao, wakashuka wakiwa hoi kwa njaa na kurudi wenyewe kambini kupokea adhabu. Ubunifu wao unastahili sifa, ushujaa wao pia. Lakini chakula kilikwisha kabla ya njia kwisha, na wao kama wafungwa hawakuwa na hiari ya kujiongezea masurufu. Sisi tulio huru tunayo hiari hiyo, na kuitupa kwa makusudi ni kukosa shukrani.

Tadbiri ina upande wa watu pia. Hifadhi haimruhusu mtu kulala mlimani peke yake, na sharti hilo ni la rehema, kwa sababu mgonjwa wa kimo mara nyingi ndiye wa mwisho kutambua kwamba ni mgonjwa. Kiongozi aliyezaliwa chini ya mlima huusoma ukungu na njia kwa maarifa ambayo ramani haina. Akiwapo mpagazi, mzigo wake uwe wa haki, malazi na nguo zake ziwe za joto kama za mwajiri wake, na ujira wake ulipwe kamili kabla ya kuagana. Chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa vimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Uchafu wote ubebwe hadi langoni. Moto wa kuni usiwashwe kamwe: Machi 2012 moto uliunguza eneo kubwa la msitu na nyika za mlima huu, na hasara ya namna hiyo haiwahusu watu wa Nyeri na Meru peke yao, maana mto Tana, unaokunywa maji ya mlima huu na ya Nyandarua, huzungusha mitambo ya umeme, hunywesha Garissa na Garsen, na kumwagika baharini Kipini.

Aliyejipa siku za kutosha ndiye anayeuona mlima. Wenye haraka hukumbuka mgongo wa mtu aliyewatangulia na mwanga wa kurunzi. Lakini asiye na haraka, siku yake ya mapumziko pale Shipton, hukaa akiwatazama pimbi wanaoota jua nyufani mwa majabali, na ndege chozi wenye manyoya ya kijani yang'aayo wakizama katika maua ya lobelia. Akishashuka Lenana kwa upande wa Chogoria hufika kwenye vidimbwi vya Hall, na hatua chache mbele ardhi hukatika ghafula, na chini kabisa ziwa Michaelson huonekana limelala katika bonde la Gorges kati ya kuta za mawe. Kisha huja nyika, kisha mianzi, kisha msitu wenye nyayo za tembo na nyati njiani, na kila hatua hewa inazidi kuwa nzito na pumzi inazidi kuwa tamu. Barafu zilizobaki juu, Lewis ikiwa mojawapo, zinayeyuka mwaka hata mwaka, na watoto wetu huenda wakazisoma vitabuni tu. Hiyo nayo ni sababu ya kwenda, na kwenda kwa utulivu.

Wahenga walinena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na mlimani maneno hayo ni kanuni ya uhai. Uamuzi wa kurudi ufanywe nyumbani, kabla moyo haujashikwa na ghururi ya kilele: tukipata dalili kadha tutashuka, tusipofika mahali fulani kwa saa fulani tutashuka, na hakuna atakayelaumiwa. Anayegeuka akiwa na siku ya akiba aweza kupumzika chini na kujaribu tena. Asiye nayo hulazimika kuchagua baina ya kilele na usalama wake, na hapo ndipo watu wanapochagua vibaya.

Kwa hiyo, wewe unayekusudia safari hii, usianze dukani. Anza kwa mwajiri wako, au kwa mwenzako wa nyumbani, ukaombe ruhusa ya siku mbili zaidi ya zile ulizodhani zingetosha. Na ukinyimwa, ahirisha safari hadi mwaka utakaozipata, kwa kuwa hema laweza kuazimwa, sweta yaweza kuazimwa, hata shanta laweza kuazimwa, lakini siku iliyokosekana mlimani hakuna wa kukuazima.