Mfundishe Kijana Kuichunguza Ngozi Yake

Jua ni neema kwa mkulima wa Unyambwa, mkoani Singida. Ndilo likomazalo alizeti, mtama na uwele. Lakini jua hilo hilo ni adui wa kijana mwenye ualbino, na adui huyu hana haraka. Huidhuru ngozi kidogo kidogo tangu utotoni, hata kijana afikapo miaka ishirini na kitu, huenda saratani imekwisha kujenga.

Yakadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Ngozi yake imekosa ile rangi ya asili ambayo kazi yake ni kuzuia mionzi mikali, au inayo kwa uchache mno. Mwaka 1985 ulichapishwa uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino uliofanywa Dar es Salaam; dalili za ngozi kudhurika zilionekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Singida nayo imeinuka kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mahali painukavyo, ndivyo mionzi izidivyo ukali. Upepo wake wa baridi usikudanganye: huondoa joto, hauondoi mionzi.

KOFIA NA KIVULI

Mtoto mdogo huvikwa kofia na mama yake. Taabu huanza aingiapo ujana, atakapo kufanana na wenzake na kuona haya kuvaa tofauti. Kumkaripia hakufai. Mweleze sababu, kisha mwache achague mwenyewe, mradi kofia iwe na ukingo mpana, na shati liwe la mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa vyema. Kapelo huacha masikio na kisogo wazi, na hapo ndipo vidonda vingi huanzia.

Kazi za kulima, kuteka maji na kuamia ndege zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Walimu nao wampe kivuli wakati wa mstarini na michezo, wala wasimlazimishe kuvaa kaptura. Mafuta ya kuzuia jua yapakwe kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya muda wa saa mbili. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, ulianzishwa utengenezaji wa mafuta ya namna hiyo, yaitwayo KiliSun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hata hivyo, mafuta ni msaidizi tu wa nguo.

KIOO

Mara moja kila mwezi, kijana asimame penye mwanga na kioo mkononi. Atazame uso, midomo, masikio, shingo, mikono na miguu. Kisogo na mgongo vitazamwe na ndugu yake. Atafute kidonda kisichopona kwa majuma manne, kinachotoka damu kikiguswa, uvimbe unaokua, au bato gumu lenye magamba. Akiona mojawapo, aende hospitali bila kungoja liume, kwa kuwa saratani changa aghalabu haiumi.

Kidonda kidogo huweza kugandishwa kwa baridi kali au kukatwa, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikiachwa, au kikipelekwa kwa mganga kwa kudhaniwa ni uchawi, huishia kwenye safari ya takriban kilomita 700 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako tiba huwa ndefu na matumaini machache.

Wala kijana mwenye ngozi nyeusi asijione yuko salama kabisa. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Saratani hiyo haisababishwi na jua, bali huonekana kwa macho. Basi nyayo, viganja na kucha navyo vitazamwe.

Ewe mfanyakazi uliye mjini, huenda unaye mpwa au binamu kijijini mwenye ualbino. Uendapo likizo, pamoja na sukari na khanga za wazee, mchukulie kofia pana na kioo. Kisha kaa naye kivulini, umfundishe kuvitumia.